Tuache Kuisingizia Chumvi

Kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia ukanda mzima wa pwani: "Chumvi imekula."

Uliza kwa nini pikipiki ya maji iliyonunuliwa kwa mamilioni imelala mchangani baada ya misimu miwili tu. Jibu: chumvi imekula. Uliza kwa nini boti ya kikundi cha wavuvi ina mashine isiyowaka. Chumvi imekula. Uliza nani alipewa kazi ya kuitunza, na hapo utaona watu wanageuka kutazama baharini, kana kwamba mtuhumiwa anaishi huko.

Wandugu, mimi nasema hapana. Chumvi inakula kile ilichotengewa. Na sisi ndio tunaotenga, jioni hadi jioni, halafu asubuhi tunashangaa sahani kuwa tupu.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. "Huyu naye! Watu wanahangaika na mgao wa maji na foleni za daladala, yeye analilia midoli ya matajiri." Hata mhariri wangu alinisikiliza dakika moja tu, akasema hiyo ni habari ya wenye nazo, nitafute nyingine. Namheshimu sana, lakini hapa sikubaliani naye.

Nenda Kunduchi, nenda Nungwi, vuka mpaka uende Diani au Nyali. Mwenye pikipiki ya maji mara nyingi humkuti. Yuko mjini, ofisini kwake. Anayesimama nayo juani ni kijana wa rika letu, wengine wamemaliza kidato cha nne, wengine wamefika mpaka chuo. Wengi wao hawana mshahara. Wanalipwa kwa safari: mteja akizunguka, kijana anapata chake, mashine ikilala, naye analala njaa. Sasa niambieni, mashine hiyo ikifa, aliyepoteza ni tajiri tu?

Halafu kuna la pili, zito zaidi. Mashine iliyoliwa na kutu haifi kwa adabu ikiwa imeegeshwa. Inafia majini, mteja akiwa juu yake. Wenzetu wa pwani wanaijua kusi inavyovuma. Chombo kisicho na mashine, hakina tanga wala makasia, kinakwenda unakotaka upepo. Kama mtu hana jaketi la kuokolea maisha na hana simu, hapo hatuzungumzii tena fedha.

Na msidhani haya ni ya pikipiki za maji peke yake. Mashine ya boti ya mvuvi inaugua ugonjwa uleule na tiba yake ni ileile. Nimechagua pikipiki ya maji kwa sababu yenyewe inaonyesha tatizo wazi zaidi. Kwa nini?

Tuitazame basi. Mmarekani mmoja, Clayton Jacobson, mtu wa mbio za pikipiki za kwenye vumbi, ndiye aliyekuja na wazo la pikipiki ya kupandwa ukiwa umesimama juu ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kawasaki ya Japani ikaanza kuziuza kwa jina la Jet Ski. Ndiyo maana mpaka leo zote tunaziita jetiski, hata ikiwa ni Yamaha au Sea-Doo, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Mashine hii haina propela inayoning'inia nje kama boti. Ina pampu tumboni. Inafyonza maji kutoka chini yake, inayasukuma nyuma kwa nguvu, na ndiyo inavyokwenda. Sehemu ya maji hayo hayo huzungushwa kupoza injini na ekzosi, kisha yanarudi baharini. Ziko aina ambazo injini yake hupozwa kwa maji maalumu yaliyofungiwa ndani, kama rejeta ya gari, lakini hata hizo ekzosi yake hupozwa kwa maji ya nje. Kwa maneno mengine, bahari haiishii kuigusa mashine hii kwa nje. Inapita ndani yake, kama damu.

Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi gramu 35 hivi. Hivyo ni kama vijiko viwili vya mezani. Kama unanunua mashine iliyotumika kutoka Dubai, ujue imeogelea kwenye Ghuba, ambako chumvi inafika gramu 40 hivi kwa lita. Ndugu zetu wa Mwanza hawayajui mateso haya. Maji ya Ziwa Victoria ni matamu.

Sasa, chumvi inafanyaje kazi? Kumbuka somo la betri ya tochi. Kopo la nje ni zinki, katikati kuna kijiti cha kaboni, na kati yao kuna uji unaopitisha umeme. Betri inapotumika, zinki inaliwa taratibu. Ndiyo maana betri ya zamani ikiisha kabisa ilikuwa inatoboka na kuvuja kwenye redio ya babu.

Pikipiki ya maji ni betri hiyo hiyo, ila kubwa. Ina alumini kwenye injini na mara nyingi kwenye pampu, ina chuma kisichoshika kutu kwenye mhimili na impela, ina shaba kwenye nyaya. Ziunganishe metali hizo, zimwagie maji ya chumvi, na umeme mdogo unaanza kutembea bila wewe kuwasha chochote. Metali iliyo dhaifu kuliko mwenzake ndiyo inayoliwa. Hapa mara nyingi ni alumini.

Na alumini haitoi kutu nyekundu ya kukushtua. Yenyewe ina ngozi nyembamba inayoilinda, chumvi inaitoboa ngozi hiyo sehemu ndogondogo, na unachokiona ni unga mweupe tu, kama majivu. Mtu anaufuta kwa kitambaa anasema safi. Chini ya unga huo kuna shimo. Wakati huohuo, kwenye njia nyembamba za maji ndani ya injini, chumvi iliyokauka inajijenga kama ukoko chini ya sufuria. Maji yanapita kidogo, injini inachemka, na siku moja inagoma.

La kukumbuka zaidi ni hili. Chumvi iliyokauka haijaenda likizo. Inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani unyevu wake mnaujua. Kwa hiyo mashine iliyotolewa majini ikaegeshwa bila kuoshwa bado iko baharini. Kwa macho yako iko chini ya mwembe, lakini kwa upande wa kutu haijatoka majini.

Je, kuna kinga? Ipo, na si mpya hata kidogo. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, alipewa tatizo la meli za kivita za nchi yake. Meli hizo zilivalishwa shuka za shaba chini, na bahari ilikuwa inaila shaba hiyo. Davy akagundua kwamba ukiiunganisha shaba na kipande kidogo cha zinki au chuma cha kawaida, bahari inakula kipande hicho na kuiacha shaba. Kipande kidogo kinakufa, kikubwa kinapona.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Shaba ilipoacha kuliwa, iliacha pia kutoa ile sumu yake kidogokidogo majini, sumu ambayo ilikuwa inafukuza viumbe. Magamba ya bahari na majani yakajazana chini ya meli, meli zikawa nzito na za polepole, na jeshi la majini likaachana na mpango huo. Kwa sayansi Davy alikuwa sahihi kabisa. Kilichoponza ni kudhani kwamba dawa moja inamaliza kazi.

Wazo lake, hata hivyo, linaishi. Kile kipande cha kijivu kilichofungwa kwa bolti chini ya mashine ya boti, ambacho watu wengi hawajui kazi yake, ndicho hicho. Kinaitwa anodi. Wala huhitaji kwenda mbali kuelewa. Mabati ya nyumba zetu yamepakwa zinki kwa sababu hiyohiyo: zinki itangulie kufa, chuma kibaki.

Kuna mambo matatu kuhusu anodi ambayo ningependa kila mwenye chombo ayashike. Kwanza, ikishaliwa kufikia nusu, ibadilishe. Anodi iliyoisha haina tofauti na mlinzi aliyeacha kazi bila kukuaga. Pili, usiipake rangi. Nimeona kwa macho yangu boti iliyopakwa rangi ya bluu nzuri mpaka juu ya anodi. Mlinzi amefungwa kamba na mwenye nyumba mwenyewe! Tatu, anodi inategemea maji. Zinki ni ya baharini. Kwenye maji matamu inajifunika gamba na kuacha kazi, kwa hiyo huko hutumika magnesiamu. Ukiichukua magnesiamu hiyo kuileta baharini, italiwa upesi sana. Alumini maalumu ya anodi inafaa pande zote mbili. Hivyo ukinunua mashine iliyokuwa Mwanza ukaileta Dar es Salaam, jambo la kwanza ni kuangalia ina anodi gani. Na kama haina kabisa, muulize fundi wapi inaweza kufungwa.

Lakini anodi ni nusu ya habari. Inalinda metali inayoshirikiana nayo ndani ya maji. Haiwezi kulinda nyaya, nati zilizo juu, wala zile njia za ndani zilizojaa ukoko. Kwa hayo kuna dawa moja ya zamani kuliko zote: maji matamu, siku hiyohiyo, chumvi kabla haijakauka.

Namna ya kufanya haina ufundi mkubwa. Mashine nyingi zina sehemu ya kuchomeka mpira wa maji. Unachomeka, unawasha injini kwanza, ndipo unafungulia maji. Ukimaliza, unafunga maji kwanza, ndipo unazima injini. Msigeuze! Ukifungulia maji injini ikiwa imezima, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanaweza kujaa kwenye ekzosi na kurudi mpaka kwenye silinda, na hapo umeua injini kwa kuiosha. Baada ya kufunga maji, unaipa mafuta mara mbili tatu, sekunde chache tu, iteme maji yaliyobaki, kisha unazima. Zoezi zima ni kama dakika tatu. Usiiache inguruma nchi kavu kwa robo saa ukipiga soga, kwa sababu kuna sehemu zinazopozwa na bahari yenyewe na mpira hauzifikii. Kitabu cha mashine kinasema kikomo chake. Kisome.

Halafu mwili wote unaogeshwa, pamoja na chini na kwenye pampu. Vizibo vya nyuma vinafunguliwa maji yaliyoingia tumboni yatoke, kiti kinainuliwa upepo upite. Vikikauka, injini inapuliziwa dawa ya kuzuia kutu na viungio vya nyaya vinapakwa grisi yake. Trela nalo lioshwe, maana nalo limezama baharini magurudumu mazima. Na mashine isiachwe usiku kucha ikielea majini kama ngalawa. Ngalawa ni mti, hii siyo.

Hapo ndipo ninapoulizwa swali gumu, na ni swali la haki: utaoshaje jetiski kwa maji matamu mahali ambapo akina mama wanapanga foleni na madumu? Nimepiga hesabu. Mpira wa kawaida wa bustani ukitoa lita 15 kwa dakika, dakika tatu ni lita 45. Ongeza kuogesha mwili kwa ndoo na kitambaa, badala ya kuacha mpira unamwaga ovyo, na hufiki lita 100. Ni madumu matano ya lita 20. Tangi la petroli la mashine hizi hubeba lita 60 au 70 hivi, na siku ya wateja wengi linaweza kuisha lote. Mtu anayeweza kununua petroli hiyo hawezi kuniambia ameshindwa madumu matano. Tena asiyachukue kwenye bomba la kijiji. Ajenge paa la kibanda chake, aweke mfereji na tangi, avune masika. Mvua ya pwani haina chumvi na haina foleni.

Kuna tahadhari moja. Visima vingi vya karibu na ufuko ni vya maji ya chumvi, kwa sababu bahari inapenya chini kwa chini, hasa kunapochimbwa vingi na kuvutwa sana. Ukiosha mashine kwa maji hayo, umeibadilishia sahani tu. Onja kwanza. Au jaribu sabuni. Ikigoma kutoa povu, maji hayo yana la kusema.

Sasa basi. Kama dawa ni rahisi hivi, kwa nini mashine bado zinaoza? Niliamini zamani kwamba ni elimu. Kijana mmoja wa Nungwi ndiye aliyenipa jibu lililo bora zaidi. Alikuwa anazijua hatua zote, kanitajia moja baada ya nyingine, mpaka ile ya kuwasha kabla ya kufungulia maji. Nikamuuliza, mbona ile pale ina ukoko mweupe? Akanitazama akasema: "Kaka, mimi nalipwa kwa kuzungusha. Silipwi kwa kuosha."

Wandugu, ugonjwa wenyewe ni huo.

Tumepanga mambo ili saa ya mwisho ya jua iwe ya mteja wa mwisho. Bosi anapiga simu kuuliza zimepigwa safari ngapi. Hapigi kuuliza kama mashine imeoshwa. Kijana akikataa mteja wa saa kumi na mbili ili aoshe, amejikata riziki mwenyewe. Akimchukua, giza linaingia, anavuta mashine mchangani anakwenda nyumbani. Wewe ungefanya nini? Mimi ningemchukua mteja. Halafu mashine ikifa, fundi anasema chumvi, bosi anasema uzembe, na kijana ndiye anayeambiwa asije kesho.

Katika miaka ya karibuni tumeona pia boti na mashine zikitolewa kwa mikopo kwa vikundi vya wavuvi, Bara na Visiwani. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini picha za siku ya makabidhiano huonyesha boti mpya, utepe na mkasi. Ningefurahi siku moja nione kwenye picha hiyo bomba la maji matamu, boksi la anodi za akiba na fundi aliyefundishwa. Mkopo wa mashine bila vitu hivyo unalipwa na mvuvi hata baada ya mashine kuwa chuma chakavu.

Na tusijifanye kwamba utunzaji ni utamaduni wa Wazungu. Watu wa pwani hii walikuwa mabingwa wake. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za nazi, mbao kwa mbao. Chombo kisicho na misumari hakina msumari wa kushika kutu. Majahazi yalikalafatiwa kwa pamba, chini yakapakwa deheni ya mafuta na chokaa, juu yakasuguliwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa pili. Wakati wa kazi hiyo chombo kilipandishwa mchangani na safari zikasimama. Hakuna nahodha aliyeona hiyo ni siku ya hasara. Ilikuwa sehemu ya safari.

Sisi tumeleta mashine za kisasa tukaiacha kalenda yake nyuma.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Makubaliano kati ya mwenye mashine na kijana wake yaandike, kwa Kiswahili, kwamba safari zinakoma saa kumi na moja jioni. Saa inayofuata ni ya kuosha, na inalipwa kama safari moja. Mteja anayetaka machweo aambiwe aje kesho mapema. Wauzaji wa mashine wampe mnunuzi ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hatua za kuosha, ubandikwe kwenye kibanda. Anayekopesha boti asitie saini mpaka aonyeshwe maji yatatoka wapi. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili.

Na wewe unayesoma ukiwa na akiba yako benki, unapanga na wenzako wawili watatu mnunue jetiski ya biashara, usianze kuuliza inakwenda mwendo gani. Uliza itaoshwa wapi, na nani, na huyo nani analipwa shilingi ngapi kwa kuiosha. Ukikosa jibu la hilo la tatu, acha hela yako ilipo.

Nawasilisha.